Kizibao cha mfuko wa hewa kwa waendesha pikipiki na skuta Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa madereva wa bodaboda vijiweni, kwa watumishi wanaokwenda Mji wa Serikali Mtumba kwa pikipiki kila asubuhi, na kwa wazazi ambao vijana wao wako UDOM na wameanza kuomba skuta. Msimamo wetu tunauweka mapema: kizibao cha mfuko wa hewa ni kinga nzuri kweli, ila zamu yake inakuja baada ya kofia ngumu, buti na glovu. Kama huna hivyo bado, anzia swali la 3.

## Mambo ya msingi

1. Kizibao cha mfuko wa hewa ni nini hasa?

Ni kizibao au jaketi ambalo ndani ya kitambaa chake kuna mifuko iliyolala bapa, pamoja na mtungi mdogo wa gesi, kwa kawaida kaboni dayoksaidi. Ukirushwa kutoka kwenye pikipiki, mtungi unatobolewa na gesi inajaza mifuko kwa muda wa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Unapofika chini, mwili umeshazungukwa na mto wa gesi. Baada ya hapo gesi inajitoa yenyewe polepole, na unapumua kawaida ingawa utahisi umebanwa.

Usichanganye na mfuko wa kwenye gari. Ule unakaa kwenye usukani. Huu unauvaa na unaruka nao. Honda waliwahi kuweka mfuko wa hewa kwenye pikipiki yenyewe, Gold Wing, kuanzia 2006, lakini hilo ni dude kubwa la safari ndefu na si la kubebea abiria kutoka Jamatini kwenda Nkuhungu.

2. Kinakinga sehemu gani?

Shingo, mgongo, kifua na mbavu. Baadhi hushuka hadi kiunoni na kwenye kitako. Sehemu ya shingo ndiyo tunayoithamini zaidi: mfuko hujaa chini ya kofia na kuzuia kichwa kisipinde kupita kiasi.

Hakikingi kichwa. Hakikingi mikono, magoti wala miguu. Wala hakizuii lami isikuchune ngozi sehemu ambayo hakijaifunika, kwa hiyo ukikivaa juu ya fulana ya mikono mifupi, viwiko ndivyo vitakavyolipa.

3. Nina laki mbili au tatu tu. Nianze na nini?

Kofia ngumu. Hapo hatuna mjadala. Ongea na muuguzi yeyote wa wodi ya mifupa atakwambia majeruhi wa pikipiki wanaingia na nini: miguu iliyovunjika na vichwa vilivyopigwa. Kizibao hakigusi popote kati ya hapo.

Chagua kofia inayofunika uso mzima mpaka kidevu. Ivae, funga mkanda, kisha ishike pande zote mbili uizungushe: ngozi ya mashavu iende nayo. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Halafu ishike nyuma kwa chini uisukume kuelekea mbele. Ikivuka kichwa na kutoka, irudishe dukani hata kama ni nzuri ya kupendeza. Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda yenye alama ya ECE, kiwango cha usalama wa kofia, toleo la 22.05 au 22.06 ambalo ndilo jipya. Kofia iliyowahi kupata kipigo usiinunue, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi.

Hela ikibaki, nunua buti za kuvuka kifundo cha mguu, kisha glovu. Ndala na makobazi viache nyumbani. Ukikuta jaketi la pikipiki kwenye mitumba pale Sabasaba, lipapase mabegani na viwikoni kama pedi bado zimo ndani ya mifuko yake. Pedi halisi zimeandikwa EN 1621-1, namba ya kiwango cha Ulaya cha pedi hizo. Sponji tupu ya godoro iliyokatwa haikusaidii.

4. Sheria inanilazimisha kukivaa?

Hapana. Kinachotakiwa kisheria ni kofia ngumu, kwa dereva na kwa abiria. Wanaolazimishwa kuvaa mfuko wa hewa ni wanamichezo: wa MotoGP, mbio za pikipiki za uwanjani, tangu 2018, na wa Dakar Rally, mbio ndefu za nje ya lami, tangu 2021. Mbio hizo za Dakar ni za mchanga, mawe na vumbi, kwa hiyo anayesema kifaa hiki ni cha lami laini tu, ajibiwe hivyo.

## Kuchagua

5. Nichukue cha kamba au cha umeme?

Cha kamba kinafanya kazi hivi. Kuna mkanda uliofungwa kwenye fremu ya pikipiki na kamba iliyotoka kwenye kizibao. Ukipanda, unaviunganisha kwa klipu. Ukirushwa, kamba inakazika na kung'oa ufunguo mdogo kutoka kwenye kifyatuo. Springi inaachia, sindano inatoboa mtungi, mifuko inajaa. Hakuna betri, hakuna simu, hakuna intaneti. Majina yanayojulikana ni Hit-Air ya Japani na Helite ya Ufaransa.

Cha umeme kina vitambuzi vinavyopima mwendo na mwelekeo wa mwili wako muda wote, na kompyuta ndogo inayoamua kwamba hapa mtu anaanguka. Alpinestars na Dainese za Italia wanavitengeneza, na In&motion ya Ufaransa inatengeneza mfumo unaotumiwa na kampuni kadhaa. Faida yake ni kubwa: huna cha kuunganisha wala kusahau, na kinaweza kufyatuka hata kabla hujaachana na pikipiki, mfano umegongwa kwa nyuma ukiwa umesimama kwenye taa. Cha kamba lazima kisubiri mwili utoke kwenye siti.

Lakini cha umeme kinataka chaji, kinataka programu isasishwe, baadhi vinataka ada ya kila mwaka, na vipo ambavyo vikishafyatuka lazima virudi kwa mtengenezaji kukaguliwa. Pata picha kichwani: umefyatua kizibao pale Ihumwa, halafu unatafuta namna ya kukisafirisha hadi Italia na kusubiri kirudi.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa dereva wa bodaboda na kwa mtumishi wa mjini ni cha kamba, kwa kuwa ukikirudisha kazini unakirudisha mwenyewe mezani kwako (swali la 16). Kwa mtu anayekata barabara kuu mara kwa mara, Dodoma hadi Dar es Salaam au Dodoma hadi Singida, ana uwezo na ana ndugu nje wa kumsaidia huduma, cha umeme kinastahili bei yake.

6. Lebo ipi inathibitisha kwamba kimepimwa?

Tafuta EN 1621-4, kiwango cha Ulaya cha vizibao vya mfuko wa hewa. Alama ya CE peke yake haitoshi. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa lebo anaweza kuiweka. Pembeni ya namba hiyo kuwe na kichoro cha mwendesha pikipiki, sehemu zinazokingwa, na kiwango: 1 au 2.

Kiwango cha 2 ndicho bora. Kwenye kipimo, wastani wa nguvu inayopita hadi mwilini usizidi kilonyutoni 2.5, wakati kiwango cha 1 kinaruhusu 4.5. Ili uone uzito wa jambo hili, pedi ya kawaida ya mgongoni, inayopimwa kwa EN 1621-2, inaruhusiwa kupitisha 18 kwa kiwango cha 1 na 9 kwa kiwango cha 2. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya sisi kukipigia debe kifaa hiki.

EN 1621-4 iliandikwa kwa vizibao vinavyofyatuliwa kimakanika, yaani vya kamba. Kwa cha umeme, soma ndani ya kitabu chake kimepimwa na maabara gani na kwa utaratibu upi.

7. Saizi naijuaje?

Jipime kifua, kiuno na urefu wa mgongo, ukiwa umevaa nguo unazoendeshea. Kizibao cha nje kikae karibu na mwili bila kubana, maana kinahitaji nafasi ya kuvimba. Cha kuvaliwa ndani ya jaketi ni habari nyingine: jaketi liwe na nafasi ya sentimita kadhaa kifuani, la sivyo mifuko itajaa kwa ndani na kukukandamiza mbavu. Kama jaketi lako limekukaa sawasawa, chukua cha nje.

8. Ni bei gani?

Vya kamba vya kampuni zinazojulikana huanzia kama dola 400 na kupanda hadi 700 hivi. Vya umeme mara nyingi huzidi hapo. Kwa shilingi ni kama milioni moja na kuendelea kabla hujalipia usafiri na ushuru, hela ambayo kijiweni mtu anaitazama kama pikipiki iliyotumika. Tunalijua hilo, na ndiyo maana swali la 3 liko juu ya hili. Mtungi wa akiba ni dola 20 hadi 35. Uingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na ununue miwili.

9. Nimeona vya dola 100 mtandaoni. Vinafaa?

Muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: cheti cha EN 1621-4 chenye jina la maabara, picha ya lebo ya ndani, na mtungi wa akiba unauzwa wapi. Akikutumia picha ya pikipiki ikidondoka badala ya cheti, achana naye. Tatizo la vya bei hiyo si kwamba vyote havijai. Vinaweza kujaa vizuri mezani. Usichojua ni vinajaa kwa kasi gani na mshono unahimili nini, na hilo ndilo ulilokuwa unanunua.

10. Na kilichotumika?

Cha kamba, ndiyo, ukikikagua. Fungua kifuko cha mtungi uufungue kwa mkono. Tazama mdomo wake: mzima umezibwa laini bila alama, uliotumika una kitundu kidogo katikati. Tazama ufunguo na kamba kama vimelika. Pitisha vidole kwenye mishono yote, kisha mwombe muuzaji akifyatue mbele yako na wewe ulipie mtungi mpya. Kikibaki kimejaa dakika chache bila sauti ya kuvuja, ni kizima. Cha umeme kilichotumika hatukishauri, kwa sababu huenda akaunti au ada bado iko kwa mwenye nacho wa kwanza.

## Matumizi ya kila siku

11. Jua la Dodoma nitalivumilia?

Kizibao cha wavu, chenye kupitisha hewa, juu ya jaketi jepesi, kinavumilika hata Oktoba na Novemba ambapo joto ndilo kali. Ukifika kijiweni kifungue. Ukianza safari funga zipu na klipu zote, kwa sababu kizibao kilichoachwa wazi kinajaa pembeni ya mwili wako badala ya kukuzunguka.

Linalohitaji uangalifu ni mtungi. Joto linaongeza mgandamizo wa gesi, na mitungi mingi imeandikwa isizidi nyuzi 50. Usikiache juu ya tangi la mafuta juani, wala ndani ya gari lililofungwa vioo.

12. Naweza kuvaa reflekta au begi juu yake?

Reflekta iliyobana au kufungwa kwa kamba mbele itazuia mifuko isijae. Nunua kizibao chenye mistari ya kuakisi mwanga tayari, au tumia reflekta pana inayofunguka yenyewe ikisukumwa. Begi la mgongoni liende kwenye keria, isipokuwa kitabu cha kizibao chako kinaruhusu waziwazi. Laptopu mgongoni ni kitu kigumu kati yako na lami, na hilo ni kweli hata bila kizibao.

13. Kamba inafungwa wapi kwenye Boxer? Na kwenye skuta?

Kwenye fremu, chini ya siti mbele yako. Si kwenye usukani, si kwenye keria, si kwenye plastiki. Kwa Boxer, TVS na zinazofanana nazo, ng'oa siti, zungusha mkanda kwenye bomba la fremu, rudisha siti uone kama mkanda haukuminywa. Skuta ina plastiki nyingi, kwa hiyo fungua siti utafute chuma ambacho bawaba imeshikiliwa nacho. Fundi akusaidie kama huoni.

Urefu ndio watu wengi wanakosea. Simama kwenye vikanyagio kama unavyofanya kwenye tuta: kamba isikazike. Kisha kaa: isining'inie mpaka kwenye mnyororo au tairi. Ikiwa ndefu mno, utatua chini kabla haijavuta.

14. Nikishuka bila kuchomoa klipu kitafyatuka?

Kwa kawaida hapana. Ufunguo unahitaji mvuto mkubwa kuliko ule wa mtu anayetembea. Utahisi unavutwa kiunoni na kukumbuka. Ukiruka kwa haraka kumkimbilia abiria, basi kinaweza. Kwa bodaboda anayepanda na kushuka siku nzima, hatari kubwa ni ile ya upande wa pili: kusahau kuunganisha. Zoea kufanya kwa mpangilio mmoja, mfano klipu kwanza, kisha swichi.

15. Abiria wangu je?

Kizibao cha kamba cha abiria kinataka kamba yake na mkanda wake kwenye fremu. Kwa mke, mume au mwenzako unayesafiri naye kila siku, inawezekana na tunaipendekeza. Kwa abiria wa kupokezana mjini, saizi zinatofautiana na hakuna muda wa kufundishana. Mpe kofia ngumu nzuri na uendeshe pole. Na usipakie mshikaki. Hakuna kifaa kilichopimwa kwa watu watatu kwenye siti moja.

## Kikishafyatuka, na matunzo

16. Nakirudishaje kazini?

Subiri gesi iishe, au ikamue taratibu. Kagua kitambaa na mifuko. Kama kimeburuzwa kwenye lami hadi kikachanika, usikitumie tena kabla hakijakaguliwa. Kisha fungua mtungi uliotumika uutoe. Rudisha springi nyuma kwa alenki inayokuja na kizibao, weka ufunguo mahali pake, uhakikishe umeshika. Mtungi mpya ndio uingie mwisho. Ukianza na mtungi kabla springi haijarudi, sindano inautoboa hapohapo mikononi mwako na umepoteza dola 30. Hatua za aina yako zimo kwenye kitabu. Kisome kabla ya ajali.

17. Fundi friji anaweza kunijazia mtungi? Au nitumie wa baiskeli?

Hapana kwa yote mawili. Mtungi ni wa mara moja, umezibwa kiwandani. Ya kujazia tairi za baiskeli ni midogo mno, mfuko utabaki nusu. Hata kati ya mitungi ya vizibao kuna saizi tofauti, na kila saizi ya kizibao ina yake. Fuata namba iliyoandikwa kwenye mtungi uliokuja nacho.

Kujua kama mtungi wa ndani bado una gesi, upime. Uzito wake umechapwa ubavuni kwa gramu. Peleka kwenye mizani ya kidijitali, ya sonara ndiyo nzuri. Ukiwa mwepesi kuliko ulivyoandikwa, umevuja, badilisha. Fanya hivi kila mwanzo wa kiangazi.

18. Nakifuaje? Vumbi la huku ni jingi.

Toa mtungi, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, anika kivulini. Mashine ya kufulia, petroli na pasi vyote hapana. Kifyatuo kipanguse kwa brashi kavu ya meno. Usikitie oili, kwa sababu oili inashika vumbi na kulifanya tope.

## Hali zisizo za kawaida

19. Naweza kupanda nacho ndege?

Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu mitungi midogo iliyofungwa kwenye vifaa vya kujiokoa vinavyojijaza, pamoja na michache ya akiba, lakini kwa idhini ya shirika la ndege. Iombe kwa maandishi kabla ya safari, ibebe ikiwa imechapwa, na nenda na kitabu cha kizibao. Kifurushi cha posta chenye mtungi kinaweza kukataliwa, ndiyo maana wengi hukipata kupitia ndugu anayerudi nyumbani, aliyekwisha kuomba idhini hiyo.

20. Mtoto au mjamzito anaweza kukivaa?

Mtoto asivae cha mtu mzima: mtungi umepimwa kwa kifua kikubwa na kizibao kitampanda usoni. Mjamzito amwulize daktari wake, na kwa maoni yetu asafiri kwa bajaji au daladala mpaka ajifungue.

21. Kuna ajali ambazo hakisaidii?

Zipo. Kukanyagwa na gari. Mguu kubanwa kati ya pikipiki na bampa. Kugongana uso kwa uso na lori kwa kasi kubwa kwenye barabara ya Singida, ambapo muda wa kujaa hautoshi na nguvu imezidi kipimo chochote cha maabara. Kwa cha kamba, ongeza kugongwa kwa nyuma ukiwa bado umekaa. Kinasaidia sana pale unaporushwa ukatua kwa mgongo, bega au kifua: mbuzi amekatiza, mchanga kwenye kona, gari limegeuka mbele yako bila ishara.

22. Nikianguka kimejaa, watu waliokuja kunisaidia wafanye nini?

Waambie wenzako wa kijiweni mapema, kwa sababu siku hiyo wewe huenda usiongee. Kizibao kilichojaa hakina hatari kwao. Kisitobolewe kwa kisu. Wazime pikipiki, wasimamishe magari, wapige 112. Kama majeruhi anapumua, asivuliwe kofia wala kunyanyuliwa kukalishwa. Shingo ibaki ilivyo. Kizibao kinalegea chenyewe kwa dakika chache, na hapo klipu za mbele zinafunguliwa bila kumgeuza. Na asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda nyingine kukimbizwa hospitali. Litafutwe gari ambalo atalala.